Tovuti ya pili ya pointi ukiwa Mtwara: kinachoongezeka na kinachopotea

Jibu kwanza, maelezo yatafuata. Kwa mtu aliyeko Mtwara au Lindi ambaye tayari ana tovuti moja ya pointi inayomlipa, kufungua ya pili kuna faida, ila si ile inayotangazwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Kazi haziwi mara mbili. Kinachoongezeka ni bei: kazi ileile unaiona kwa bei mbili, unachukua iliyo nzuri. Anayefungua ya pili ili ajaze sevei (dodoso la maoni) moja mara mbili atafungiwa zote kabla hajatoa hata shilingi. Anayeifungua kama mmachinga anavyopita maduka mawili ya jumla kabla hajafunga mzigo, huyo atapata kitu. Na kwa kuwa neno lenyewe machinga limetoka huku Lindi, kulinganisha bei si somo geni.

Tunazozungumzia ni zile tovuti za nje zinazokupa pointi kwa kujaza sevei, kupakua michezo au kuangalia matangazo, kisha pointi zinageuzwa hela au vocha. Swagbucks ya Marekani, iliyoanza 2008, ndiyo iliyosikika zaidi, lakini haisajili wanachama wa Tanzania, na anayeingia kwa kudanganya nchi ataishia kwenye hatua ya kutoa hela. Freecash ya Berlin, iliyoanza 2020, inapokea nchi nyingi zaidi. Zipo nyingine kadhaa za namna hiyo, na tathmini hii haichagui jina moja. Inapima jambo lenyewe: je, kuwa na ya pili kunalipa ukiwa huku Kusini, na kwa utaratibu gani?

Ghala moja, maduka mengi

Ukifungua tovuti ya pointi unakuta orodha ya sevei, kila moja na dakika zake na pointi zake. Ni rahisi kudhani tovuti ndiyo iliyozitunga. Sivyo. Tovuti ni duka la rejareja. Sevei zinatoka kwa wasambazaji wachache wanaolisha maduka yote: CPX Research, BitLabs, TheoremReach, Pollfish na wenzao, na juu yao kuna masoko makubwa kama Cint ya Sweden, ambayo mwaka 2021 iliinunua Lucid ya Marekani. Prodege, wenye Swagbucks, waliichukua Pollfish mwaka 2022. Yaani hata ghala zenyewe zinazidi kuwa chache. Kwako hii ina maana moja: sevei ya sabuni ya kufulia unayoiona kwenye tovuti ya kwanza ndiyo hiyohiyo iliyoko kwenye ya pili, imebandikwa bei nyingine.

Bei zinatofautiana kwa sababu ya makato. Kampuni inayotaka maoni inalipa kiasi fulani kwa kila jibu kamili. Msambazaji anakata chake, tovuti inakata chake, kinachobaki ndicho unachoandikiwa. Tovuti yenye zawadi nyingi za kualika marafiki na matangazo kila kona inalipia mbwembwe hizo kutoka mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo ni kwenye pointi zako.

Chukua mfano. Tovuti ya kwanza inaonyesha pointi 480 kwa sevei ya dakika 12. Ya pili inaonyesha pointi 55. Macho yanakimbilia 480. Lakini kwenye ya kwanza pointi 1,000 ni dola 1, na kwenye ya pili pointi 100 ni dola 1. Basi 480 ni senti 48 za dola, na 55 ni senti 55. Kwa dola ya sh. 2,500 (tutaitumia hiyo humu ndani ili hesabu iwe nyepesi, kiwango cha siku utakiangalia mwenyewe), tofauti ni sh. 175. Kwenye sevei 30 inakuwa sh. 5,250, bila kujaza swali hata moja la ziada. Hiyo ndiyo faida yote ya tovuti ya pili kwa upande wa sevei. Andika kiwango cha kubadili cha kila tovuti nyuma ya daftari, maana baada ya wiki mbili kichwa kinachanganya.

Sasa kosa linalowaangusha wengi. Kulinganisha kunafanyika KABLA ya kubonyeza. Ukishaingia kwenye sevei kupitia tovuti ya kwanza, msambazaji anaitambua simu yako: kivinjari, toleo la Android, ukubwa wa kioo, kuki (kumbukumbu zinazobaki kwenye kivinjari), anwani ya intaneti. Ukirushwa nje huko, ukaenda tovuti ya pili na kubonyeza sevei ileile, anayekupokea ni yuleyule. Kwake wewe ni mtu mmoja anayejaribu kuingia kwa mlango wa nyuma. Mara ya kwanza utaambiwa tu kwamba umeshashiriki. Ikijirudia, alama yako ya uaminifu kwa msambazaji huyo inashuka, na sevei zinaanza kupungua kwenye tovuti zote mbili kwa pamoja. Watu wanalalamika kuwa tovuti imekauka, kumbe imekauka kwao peke yao.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Fungua zote mbili kwenye vichupo viwili, soma orodha tu. Tafuta sevei zenye dakika sawa na namba sawa ya utambulisho kama inaonekana (baadhi ya wasambazaji huionyesha pembeni au chini ya kisanduku). Geuza pointi kuwa senti, chagua, bonyeza mara moja. Ile ya upande wa pili usiiguse tena siku hiyo.

Kufungua akaunti ya pili bila kuiua ya kwanza

Taarifa zote ziwe zilezile: tarehe ya kuzaliwa, jinsia, elimu, kazi, idadi ya watu nyumbani, kipato. Si kwa sababu tovuti mbili zinapeana siri, ila msambazaji anahifadhi wasifu wako kwake. Kwenye ya kwanza umeandika umezaliwa 1994, kwenye ya pili 1998 kwa kuwa ulisikia vijana wanapata sevei nyingi. Simu ni moja, wasifu ni mbili, tayari wewe ni tapeli kwenye kompyuta yao. Pale wanapouliza kipato cha kaya, hakikisha kama ni cha mwezi au cha mwaka. Fomu nyingi za nje zinauliza cha mwaka, na mtu wa kwetu anajibu cha mwezi. Mwenye hela ya korosho apige jumla ya msimu aigawe kwa 12 kama swali ni la mwezi, na abaki na jibu hilohilo kila anapoulizwa.

Kisanduku cha postikodi kinawasumbua wengi, wanaandika 0000 au 255. 255 ni ya simu. Postikodi za mkoa wa Mtwara zina tarakimu tano zinazoanza na 63, za Lindi zinaanza na 65. Tafuta ya kata yako kwenye orodha ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano), iandike daftarini, usiibadilishe tena.

Kuhusu mahali ulipo, usishtuke tovuti ikikuambia uko Dar es Salaam wakati uko Chikongola au Nachingwea. Intaneti ya simu mara nyingi inatokea Dar kabla ya kwenda nje, kwa hiyo ndiyo inayosomeka. Kinachoangaliwa hasa ni nchi. Wewe andika mkoa wako halisi. Kubadilisha uwe mtu wa Kinondoni ili ulingane na mtambo ni kujitafutia swali la pili ambalo hutalijibu.

Kuna tatizo kubwa zaidi ambalo halielezwi. Kampuni za simu zinawapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya intaneti. Tovuti yenye sheria ya akaunti moja kwa anwani moja inaweza kukuona wewe na mtu usiyemjua wa Masasi kama mtu mmoja. Ukifungiwa siku ya kwanza bila kosa, mara nyingi chanzo ni hicho, na dawa yake ni kuwaandikia wahudumu kabla hujafanya kazi yoyote, ukieleza kuwa unatumia data ya simu. Ukiwaandikia ukiwa na dola 12 ndani, mazungumzo yanakuwa magumu. Hosteli za wanafunzi ndiyo balaa: vijana sita, Wi-Fi moja, kila mmoja amemwalika mwenzake ili apate bonasi. Hapo hazibaki akaunti. Kila mtu atumie bando lake, na kualikana kwa watu wa chumba kimoja muache.

VPN, programu ya kuficha mahali ulipo mtandaoni, usiiguse. Tovuti hizi zinainasa kwa dakika, na adhabu si onyo, ni kufungiwa na pointi kubaki huko. Isitoshe, tangu tangazo la TCRA la Oktoba 2023, matumizi ya VPN nchini yanatakiwa kusajiliwa.

Ndani ya sevei

Sevei inafunguka. Mwaka wa kuzaliwa. Jinsia. Mkoa, au wakati mwingine kanda tu. Halafu linakuja swali hili: je, wewe au mtu yeyote wa nyumbani kwako anafanya kazi katika mojawapo ya sekta zifuatazo? Chini yake: matangazo, utafiti wa masoko, uandishi wa habari, benki, mawasiliano. Mwenye sevei hataki mtu wa ndani ya biashara, kwa hiyo ukitia alama kwenye sekta inayomhusu unatolewa. Kama dada yako ni karani wa benki, tia alama benki, utolewe kwenye ile ya benki na ubaki kwenye ya maziwa. Swali hili linarudi kila siku, na jibu linalocheza ndilo linaloonekana haraka kuliko yote.

Baada ya hapo sevei yenyewe, kwa Kiingereza mara nyingi, mara chache kwa Kiswahili kilichotafsiriwa vibaya. Katikati ya mistari ya kukubali na kukataa unafichwa mstari mmoja: ili kuonyesha unasoma, chagua "sikubali kabisa". Ukipita na "nakubali" kama kwenye mistari mingine, umekwisha, ila hawakutoi hapohapo. Wanakuacha umalize dakika zako 12 ndipo wakuambie hukufuzu. Majedwali mapana ni mabaya zaidi kwenye simu ndogo: safu ya mwisho inajificha kulia, mtu anaona majibu matatu badala ya matano, anachagua la katikati mstari mzima. Kompyuta inasoma kuwa amebofya bila kusoma. Laza simu, safu zote zitaonekana.

Maswali ya kuandika yanapuuzwa, na ndiyo yanayoamua. Umeulizwa kwa nini ulichagua sabuni hiyo, umeandika "nzuri". Jibu hilo linafutwa. Sentensi moja kamili inatosha: inatoa povu hata kwenye maji ya chumvi, na pakiti ndogo inauzwa dukani karibu na nyumbani. Iandike kwa lugha ya sevei, kwa mkono wako. Jibu lililonakiliwa kutoka kwingine linanaswa.

Na mwendo. Sevei ya dakika 12 ukiimaliza kwa dakika 3 utahesabiwa umekimbia. Kuzidisha napo kuna shida, maana kikao kinaisha muda. Hapa ndipo mtandao wa huku unapoingia. Simu ikihama kutoka 4G kwenda 3G na kurudi, au ikikatika na kuunganishwa upya, anwani ya intaneti inaweza kubadilika katikati ya sevei, na kwa mtambo wa usalama hiyo ni dalili ya udanganyifu. Kwa hiyo sevei si kazi ya kufanyia ndani ya basi la Mtwara kwenda Masasi. Kaa sehemu moja yenye mtandao imara. Ukiwa na laini mbili, zima data ya ile nyingine ili simu isijibadilishie yenyewe. Umeme ukikatika na mnara wa jirani ukaanza kuyumba, subiri urudi. Usianze sevei ya dakika 20 ukiwa na chaji ya asilimia 15.

Bado kuna pigo la nyuma. Pointi zilizoingia leo zinaweza kuondolewa baada ya wiki mbili au mwezi, pale mteja anapokagua majibu na kukataa baadhi. Ni jambo la kawaida la biashara hii, si wizi, ila likikukuta kwa zaidi ya sevei moja kati ya kumi, rudi uangalie majibu yako ya kuandika.

Hesabu ya saa moja

Sevei za Tanzania nyingi ziko kati ya senti 20 na dola 1. Tuseme una ya senti 50, dakika 12. Kabla ya kuipata umeingia tatu nyingine ukatolewa kila moja baada ya dakika 4. Jumla dakika 24 kwa senti 50, sawa na dola 1.25 kwa saa, yaani sh. 3,125. Hapo ni siku sevei zipo. Siku nyingine orodha ni tupu kuanzia asubuhi hadi usiku, na hakuna tovuti ya tatu wala ya nne itakayoijaza, kwa sababu ghala ni moja.

Bando kwa sevei za maandishi si kitu: saa nzima inakula kama MB 40. TCRA mwaka 2021 iliweka ukomo wa bei ya data ndani ya bando kati ya sh. 2.03 na sh. 9.35 kwa MB, kwa hiyo MB 40 ni kati ya sh. 81 na sh. 374. Matangazo ya video ni habari nyingine kabisa. Saa moja ya video hata kwa ubora wa chini inaweza kumaliza MB 300, ambazo ni kati ya sh. 609 na sh. 2,805, huku malipo yakiwa senti tano hivi za dola, sh. 125. Unailipa tovuti ili uitazame. Sehemu ya video kwenye tovuti zote mbili iruke, hata wakikuwekea bonasi ya siku.

Bonasi ya siku yenyewe, kama ipo, mara nyingi inafuata saa ya kimataifa. Siku mpya yao inaanza saa 9 usiku kwetu, si saa 6. Aliyemaliza lengo la jana saa 8 usiku bado yumo.

Michezo ya kupakua tuipite haraka. Malipo ya kufika kiwango fulani kwa siku kadhaa yanaonekana makubwa, ila mchezo mmoja unaweza kubeba mamia ya MB na simu ya GB 32 haina nafasi. Kinachohesabiwa ni mara ya kwanza tu ya kuuweka kwenye simu hiyo, kwa hiyo hapa kulinganisha tovuti mbili kuna maana kuliko kwenye sevei, maana pengo la bei huwa pana. Kama uliwahi kuucheza zamani, acha. Kizuia matangazo kizime kabla ya kubonyeza kiungo, piga picha ya kioo cha masharti siku ya kwanza na ya kila hatua unayofikia. Bila picha hizo wahudumu hawakusikilizi.

Pointi zimejaa, zinatokaje?

Hapa ndipo tovuti ya pili inapopimwa, na ndipo nyingi zinapofeli kwa mtu wa Tanzania. Usiangalie pointi kabla hujaangalia ukurasa wa kutoa.

PayPal ya Tanzania kwa miaka mingi imekuwa ya kulipia, si ya kupokea. Tovuti inayolipa kwa PayPal peke yake haikufai, na akaunti ya rafiki aliyeko Kenya si suluhisho: jina la huko na jina la kwenye tovuti havilingani, malipo yanazuiwa. Payoneer inafika benki za Tanzania, lakini ina ada ya mwaka kwa akaunti iliyopokea hela kidogo katika miezi 12. Mtu wa sevei hafikishi kiasi cha kuikwepa ada hiyo hata akeshe, kwa hiyo Payoneer ina maana tu kama unaitumia pia kwa kazi nyingine kubwa za mtandaoni. Vocha za maduka ya nje ni karatasi tu kwa aliyeko Tandahimba.

Sarafu za mtandaoni ndiyo njia inayotumiwa na wengi, na ndiyo yenye mashimo mengi. Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 kuwa sarafu hizo si fedha halali nchini, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Anayezitumia ajue anasimama wapi. Makato ya mtandao nayo yanatofautiana mno: Litecoin kwa kawaida ni ndogo, Bitcoin inaweza kumeza malipo ya dola 5 hadi yasibaki na maana. Ukiuza kwa mtu akutumie kwenye simu, usiachie sarafu kabla ya kupiga *150*00# kwa M-Pesa au *150*60# kwa Airtel Money ukaona salio lenyewe. SMS ya "umepokea" inatungwa na yeyote mwenye simu. Na jina la anayelipa liwe lilelile la kwenye muamala, vinginevyo unaweza kupokea hela ya mtu aliyeibiwa na laini yako ikafungwa.

Kuna aina ya tatu ambayo haina sifa za kung'aa, nayo kwa maoni yetu ndiyo ya pili inayofaa zaidi huku: ile inayolipa muda wa maongezi. GeoPoll hufanya kazi Tanzania, huuliza kwa SMS au kwa kupiga simu, kujibu ni bure, na zawadi inaingia kwenye laini moja kwa moja. Hakuna kima cha chini cha kufikisha ndipo utoe, hakuna wakala, hakuna dola. Tatizo lake ni kwamba huchagui lini. Wanakutafuta wao, na wiki kadhaa zinaweza kupita kimya. Lakini kama kila wiki unanunua vocha, vocha hiyo ni hela kamili. Ukiipanga pamoja na tovuti moja ya sevei, huna vyanzo viwili vya ghala moja, una maghala mawili tofauti, na hiyo ni nadra.

Kitambulisho kinakuja siku ya kutoa, si siku ya kujisajili. Wanataka picha ya kitambulisho chenyewe. Huku wengi wana namba ya NIDA bila kadi mkononi, na namba iliyoandikwa kwenye karatasi haikubaliwi. Pasipoti au leseni ya udereva hupita. Kama huna hata kimoja, soma masharti ya utambulisho wiki ya kwanza. Majina uyaandike kwa mpangilio wa kitambulisho, yote matatu kama yapo matatu.

Kugawa kazi ni mtego mwingine. Tuseme kwa mwezi unapata dola 8. Ukizigawa 5 kwenye tovuti kuu yenye kima cha dola 10 na 3 kwenye ya pili yenye kima cha dola 5, unasubiri miezi miwili ndipo utoe kwenye yoyote. Katikati hapo tovuti inaweza kubadilisha masharti, au pointi za akaunti iliyokaa kimya zikafutwa. Baadhi zina ukomo wa miezi 6, nyingine 12. Kwa hiyo ya pili iwe na kima kidogo kuliko kuu, na uiendee tu pale bei yake inapozidi au pale kuu ikiwa tupu. Ukifika kima, toa siku hiyohiyo. Pointi hazizai.

Zinazokuomba utangulize hela

Tovuti ya pointi ya kweli haikuombi hata shilingi. Hizo za kununua ngazi ili ulipwe zaidi kwa kubofya, zenye grupu la Telegram na mwalimu wa timu, ni upatu uliovaa simu janja, na Kanuni ya Adhabu inaukataza. Wanaokumbuka upatu wa DECI wa 2009 wanajua unavyoisha. Siku za mwanzo zinalipa kweli, kwa hela za waliokuja jana, na hapo ndipo mtu anapomwita shemeji na jirani. Minada ya korosho ikianza Oktoba na malipo ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) yakaingia kwenye akaunti, ongeza umakini mara mbili, maana hela inayoonekana inavuta wageni.

Alama zetu

Tovuti ya pili ya sevei inayotumia wasambazaji walewale na kulipa kwa PayPal tu: 1 kati ya 5. Ya wasambazaji walewale lakini yenye kima kidogo na njia ya kutoa inayofanya kazi nchini: 3, na nusu ya tatu hiyo ni uvumilivu wako. Ya muda wa maongezi kama nyongeza: 4, imekosa ya tano kwa kuwa haina ratiba. Kwa mwanafunzi au mama wa duka mwenye nafasi za katikati ya wateja, sh. 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi wenye sevei inafikika. Zaidi ya hapo, anayekuahidi kwa kujaza sevei peke yake ana kiungo cha kualika anachotaka ubonyeze.

Ukiamua kuiacha ya pili, usiiache tu. Toa kilichofika kima kwanza. Kisha nenda kwenye mipangilio, ufute akaunti na uombe wafute wasifu, maana humo mna tarehe yako ya kuzaliwa, kipato, magonjwa ya nyumbani na picha ya kitambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu 1 Mei 2023, inakutambua kama mwenye taarifa hizo, ingawa kampuni ya nje inafuata pia sheria ya kwao. Ombi litume kwa barua pepe ileile uliyojisajilia, na barua pepe hiyo usiifunge mpaka uthibitisho urudi.